Kwa Baba, Mwenye Mashine ya Kusaga

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana siku hizi ndiyo kazi yangu, kujiuliza na kujijibu. Mama hajambo. Bado anamimina kikombe kimoja cha chai zaidi kila asubuhi, halafu anakinywa yeye, akijifanya alikuwa na kiu. Idrisa kaka yangu hajambo, sasa ndiye bosi wa mashine. Mimi sijambo vilevile, ila moyo wangu una shughuli, na shughuli hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nakuandikia hadharani kwa sababu mambo yetu mimi na wewe hayakuwahi kuwa ya siri. Nusu ya Katesh ilikuwepo, imepanga foleni na mahindi yake, ikinisikia nikipiga gitaa nyuma ya ukuta wa mabanzi. Wote walinisikia. Swali langu tangu siku ya kwanza lilikuwa moja tu, na ni wewe peke yako ungeweza kulijibu: baba, wewe ulikuwa unanisikia?

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekaa vile yalivyokaa, ukasema nije kukusanya unga mpaka Mungu afungue mlango mwingine. Mlango ukafunguka, ila si ule uliokuwa ukiuombea. Paskali wa Bashay, yule kijana aliyekuwa akipiga dramu kanisani kwao, alinirushia nyimbo kwenye simu. Panki. Gitaa zina haraka, dramu zina haraka zaidi, na katikati ya fujo yote kuna kiitikio kitamu ambacho hata mtu mwenye homa atakiimba. Nilisikiliza nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba, nikahisi kuna mtu amenitangulia kusema mambo yangu. Mwezi haukupita nikawa na gitaa la umeme lililotumika, lenye mkwaruzo mrefu tumboni, nikalileta nyumbani nimelifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Uliliangalia. Ukapangusa unga kwenye nyusi kwa kiganja, ambacho nacho kilikuwa na unga.

"Hii inafanya nini?"

"Inapiga muziki, baba. Panki."

"Hebu."

Nikakupigia. Sikujua kitu zaidi ya koodi mbili, lakini nilizipiga kwa moyo wote, na kispika kidogo nilichokuja nacho kikalia kama paka aliyekanyagwa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mbona mna haraka?" ukauliza. "Mnafukuzwa na nani?"

"Ndivyo muziki wenyewe ulivyo, baba."

"Kwa hiyo ni kelele."

"Ni kelele zenye mpangilio."

Ukafikiri. Wewe ulikuwa mtu wa kufikiri mpaka mwenzako anajuta kuuliza. Kisha ukasema, "Basi, kelele ziwekwe penye kelele," ukarudi zako kwenye mashine.

Ndivyo tulivyopata ile stoo iliyopakana na mashine. Ulitoa magunia matupu, ukafagia mwenyewe, ukatuwekea balbu. Na sheria ikawa moja: mashine ikilia, pigeni, mashine ikinyamaza, nyamazeni. Ikikaribia adhana unazima injini, na sisi tunaweka mikono kwenye nyuzi zisitoe hata mlio. Sikukulaumu kwa sheria ile. Nilijua mji wetu. Katesh ukikohoa sokoni, kabla hujafika nyumbani msikitini wameshakuombea dua. Mzee Shabani, Mrangi aliyekuja kutoka Kondoa akiwa kijana na kujenga jina lake debe kwa debe, kisha isikike binti yake anapiga gitaa na vijana wawili, tena mmoja Mmbulu wa kanisani na mwingine Mmang'ati wa Gehandu? Ile injini ya dizeli ilikuwa inatufunika kama blanketi. Sikukulaumu, lakini iliniuma kidogo. Nilidhani umenipa mahali ambapo hutalazimika kunisikia.

Gidamis ndiye huyo wa Gehandu. Uliwahi kuniuliza kama anajua kucheka, nikakwambia anajua, ila anachagua siku. Baba yake mpaka leo anaamini mtoto yuko mjini anasomea ufundi wa simu. Gitaa la besi alijifunza kwa kuniangalia vidole, na alipoiweza akawa anaipiga kwa utulivu uleule wa mtu anayesubiri ng'ombe wamalize kunywa maji. Paskali upande wake ni vurugu tupu. Mimi katikati, nikipiga gitaa na kuimba, na kuimba kwenyewe si kuimba, ni kushindana na injini. Ukitaka usikike na mtu aliye hatua mbili kutoka kwako lazima upige mayowe. Nikajifunza kupiga mayowe yenye sauti. Watu wa panki huko kwao wanaimba hivyo kwa sababu wana hasira. Mimi niliimba hivyo kwa sababu ya unga wa dona.

Na kuna jambo ambalo sijui kama ulilijua. Kukaza nyuzi za gitaa zikubaliane, watu hutumia simu. Unapiga uzi, simu inakwambia kaza au legeza. Sisi simu ilikuwa haisikii chochote zaidi ya mashine. Ukiiweka karibu na gitaa, inakupa sauti ya injini. Tulihangaika wiki nzima, kila mmoja na nyuzi zake, muziki umeoza. Mwisho Paskali akasema, "Si simu inasikia mashine tu? Basi tuifuate mashine. Kwani bosi hapa ni nani?" Mashine ikishika kasi inatoa ule mvumo wake, uuu, mrefu, haupandi haushuki. Nikakaza uzi wa juu mpaka ukalingana na mvumo ule, Gidamis akafuata, na kwa mara ya kwanza tukasikika kama watu wanaojuana. Tangu siku hiyo hatukutumia kipimo kingine. Nyimbo zetu zote, kama kumi hivi, zilitungwa juu ya sauti ya mashine yako. Hata mwendo tuliuchukua humohumo.

Upungufu wa utaratibu huo tuliuonea Gehandu. Unakumbuka siku ya mnada, Gidamis alipotutafutia nafasi? Kulikuwa na muuza dawa za mifugo mwenye gari la wazi na spika kubwa, akakubali tupande tuvute watu. Tukapanda. Mbele yetu ng'ombe, mbuzi, wazee wa Kimang'ati na fimbo zao, akina mama na mavazi yao mazuri ya ngozi yenye shanga, uwanda wote mpaka macho yanachoka. Nikahesabu, Paskali akaanza, nikafungua mdomo kama kawaida yangu. Baba, hakukuwa na mashine. Sauti yangu ilitoka yote, ikaenda na haikukutana na kitu cha kuizuia. Niliogopa mwenyewe. Ng'ombe mmoja akakata kamba. Halafu nyuzi nazo, bila ule mvumo chini yake, zikawa zinasikika kila mmoja kivyake, na Paskali kwa woga akawa anakimbia mbele yetu. Bibi mmoja mzee akasogea mpaka kwenye gari, akasema kitu kwa Kimang'ati, na Gidamis akacheka. Hiyo ndiyo siku aliyoichagua.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anakupa pole. Anauliza nani amefariki kwenu."

Nilisimulia hiyo habari usiku tukila, Idrisa akacheka mpaka ugali ukampalia. Wewe hukucheka. Ulitafuna, ukameza, ukauliza, "Mlipiga bila mashine?"

"Ndiyo, baba. Mnadani kuna mashine?"

"Mm." Ukachukua mboga. "Kulikuwa kimya mno."

Nikafikiri unasema tu ili kusema. Mazungumzo yetu yalikuwa hivyo, mimi nasukuma neno, wewe unarudisha nusu. Sasa ninayarudia yale maneno matatu na kuyageuza, na najuta kwamba sikukuuliza umejuaje.

Tulikwenda Babati kurekodi wimbo mmoja wa majaribio. Prodyuza alitusikiliza, akatoa vile vya masikioni, akauliza gitaa tumezikaza kwa kufuata nini, maana hazikuwa zimekosea, ila hazikuwa mahali popote anapopajua. Paskali akamjibu bila aibu, "Kwa mashine ya kusaga ya Mzee Shabani." Yule kaka alicheka, lakini hakutufukuza. Akasema nyimbo zina kitu, tukiwa tayari turudi na nyimbo tano. Nilirudi Katesh nimejaa furaha mpaka kooni. Nikakukuta unafunga magunia, nikakwambia. Ukasema, "Haya, vizuri," ukaniomba nikushikie mdomo wa gunia.

Halafu tukapata ukumbi hapahapa mjini, alasiri ya Jumamosi, tiketi zikauzwa na vijana wakaja kutoka Mbulu na Dongobesh. Nilikuja kukualika rasmi. Nilivaa mtandio wangu mzuri, nikasimama mbele yako kama ninayekuja kuposa. Ukanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani atabaki na mashine?" ukauliza.

"Idrisa."

"Idrisa anaharakisha."

Hukuja. Sitaki kudanganya watu waliosoma mpaka hapa kwamba labda ulisimama mlangoni nisikuone. Hukuja. Niliangalia kila uso ukumbini, na ulikuwa kwenye mashine, kama ulivyosema. Hata bila mvumo wa mashine watu waliruka, wakaimba kiitikio, wakaniita jina. Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi mwenye donge. Mama aliniambia, "Baba yako anakupenda, mwanangu, ila anakupenda kwa mgongo." Nikamwambia mgongo hauna masikio. Ulikuwa chumba cha pili. Natumaini ulikuwa umelala.

Kifua chako kilianza kabla ya mvua. Tulikuwa tumekizoea kile kikohozi, kila mwenye mashine anacho, tukakichukulia kama sehemu ya sauti yako. Kufikia tunakupeleka hospitali, daktari alikuwa anaongea na Idrisa pembeni, kwa sauti ya chini. Zamu zangu za kukaa na wewe zilikuwa za mchana. Nilikuwa nakuja na uji na maneno yangu nimeyapanga njia nzima. Leo namwambia. Leo namuuliza. Nikifika, unafungua macho, unaniuliza, "Mkanda mmebadilisha?" Nakujibu mkanda tumebadilisha, baba. Unauliza kama mpya hautelezi. Nakujibu hautelezi. Basi, tumemaliza, unasinzia. Nilikuwa na siku nyingi mkononi, nikazimaliza zote kwenye mkanda wa mashine. Hata siku ya mwisho, ambayo hakuna aliyeniambia ni ya mwisho, tuliongea habari ya mkanda.

Tulikuzika, tukakaa msiba, watu wakaja na wakaondoka. Mashine ilinyamaza muda mrefu, na kwa sheria yako na sisi tukanyamaza. Idrisa alipoifungua tena, aliniita kando. Unamjua kaka yangu, si mtu mbaya, ila akiwa na ukweli anautupa kama jiwe.

"Stoo ni yenu, endeleeni," akasema. "Baba alikuruhusu, mimi siwezi kuvunja. Ila tusidanganyane, Zaina. Baba hakuupenda huo muziki. Alikuvumilia tu kwa sababu ni mtoto wake."

Ndilo hasa lililokuwa moyoni mwangu. Na neno ulilolificha mwenyewe likitamkwa na mwingine linakuwa hukumu. Prodyuza wa Babati alinipigia, nikamwambia bado. Akapiga tena, nikaacha simu iite. Nilijiona mtu anayeendelea kumpigia kelele mgonjwa ambaye ameshakufa. Kama ulikuwa unavumilia tu, baba, basi nimekuvumilisha miaka, na sasa naweza angalau kukupumzisha. Nikaamua kuliuza gitaa. Nikawaambia wenzangu tufanye mazoezi ya mwisho, ya kuagana. Gidamis akaja na besi yake. Paskali akaniita mjinga, akaja na dramu zake.

Jioni ile Idrisa alikuwa na foleni ndefu. Injini ikashika kasi, nikakaza nyuzi kwenye ule mvumo kama siku zote, nikahesabu, tukaanza. Hatukufika hata kwenye kiitikio. Sauti ya mashine ilizama, uuu ikawa ooo, halafu ikapanda kwa ghafla kuliko mwanzo, halafu ikazama tena. Nyuzi zetu zikawa hazina pa kushika. Paskali akafuata injini bila kujua, akapunguza, akakimbia, akapunguza. Tukasimama, tukalaumiana. Tukaanza tena, ikawa vilevile. Mimi nikamwambia Paskali msiba umempotezea mkono. Yeye akaniambia mimi nimeua masikio. Tukafika kutukanana, baba, sisi ambao tumekula wote unga miaka yote hiyo.

Ni Gidamis aliyeweka besi chini. Akasema taratibu, "Si sisi. Ni mashine."

Nikachungulia kwenye ufa wa mabanzi. Idrisa alikuwa anamwaga mahindi debe zima kwa mara moja, ameachia mpaka mwisho kile kibati cha mdomoni mwa mashine cha kupunguzia mahindi, mahindi yanashuka yote, injini inalemewa inazama, mahindi yanaisha inapaa. Hakuwa na kosa. Ndivyo kila mtu anavyosaga, hata yule jirani wa mbele. Nikatoka stoo nikiwa na gitaa shingoni, nikamuuliza baba alikuwa anafanyaje isiwe hivi. Idrisa akanikazia macho.

"Isiwe vipi? Mashine ikipewa mahindi si lazima izame?"

"Wakati wa baba haikuwa inazama."

"Wakati wa baba ilikuwa mbovu. Jioni ilikuwa haivuti. Mimi nilimwambia injini imechoka tuifungue, akakataa. Siku moja nikaifungua mwenyewe hakuwepo, nikatoa mpaka nozeli za mafuta, sikuona tatizo."

Hapo ndipo alipoingilia Mama Elibariki wa Jorodom. Unamjua, yule ambaye tope la mlima lilimchukulia nyumba, akajengewa nyingine, na bado anatembea mpaka kwetu kusaga ingawa kuna mashine karibu zaidi. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, wa tatu kwenye foleni.

"Mbovu wapi," akasema. "Ile mashine ilikuwa nzima asubuhi. Jioni hawa watoto wakianza tu makelele yao, baba yenu anashika kile kibati, mahindi yanashuka punje kwa punje. Sisi hapa giza linaingia. Tunamwambia, Baba Idrisa, fungulia bwana, wengine tunatoka mbali! Anasema, mashine haitaki. Watoto wakinyamaza kupumzika, mashine inataka. Wakianza, haitaki." Akacheka, akapiga paja. "Kuna waliosema ina pepo. Wengi si wakahamia kwa jirani? Mimi nikabaki. Nilikuwa naona mkono wake."

"Unaona nini, mama?" nikauliza.

"Nakwambia mkono. Mkono mmoja kwenye kibati, na sikio ameligeuzia huko stoo. Ukimsemesha hakujibu. Nilidhani anaumwa meno."

Baba, nililia hapohapo, mbele ya foleni, gitaa linaning'inia. Sikujali. Mama Elibariki aliinuka akanishika, akaniuliza kwani amesema vibaya, na mimi kwa kilio sikuweza kumwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo zuri kuliko hilo. Idrisa alikaa kwenye ngazi. Watu wa foleni, ambao kwa kawaida wangeshaanza kelele, walimwacha.

Baadaye akasema, "Nilikwambia vibaya." Akasimama, akashika kibati, akaniambia, "Rudini mkapige."

Tukarudi. Alijaribu kweli, kaka yangu. Wimbo wa kwanza ulienda karibu mpaka mwisho, injini imetulia, uuu, kama zamani, na sisi watatu tukaangaliana kwa sababu tulikuwa tunaisikia kwa mara ya kwanza kazi ya mtu ambaye hayupo. Kisha ikazama. Idrisa akaja mlangoni akijikanda mkono. "Umekufa ganzi," akasema. "Ukiachia kidogo tu inapaa, ukibana kidogo inakata. Alikuwa anawezaje jioni nzima?" Ndipo nikakumbuka bega lako la kulia, jinsi Mama alivyokuwa akikuchua kwa mafuta ya karafuu kila baada ya kula, na wewe ukisema ni magunia. Na sisi wote tukakubali kwamba ni magunia.

Kwa hiyo swali langu limejibiwa. Ulikuwa unanisikia. Ulinisikia kuliko wale walioruka ukumbini, ulijua ni wapi tunaanza na wapi tunapumua, ulijua kwamba sauti ikizama tunapotea, na hilo sisi wenyewe tulikuwa hatulijui. Ulikubali watu waseme mashine yako ina pepo. Sasa naelewa "Idrisa anaharakisha" ilikuwa na maana gani, na kwa nini mnadani kulikuwa kimya mno. Ulikuwa unaniambia, kwa kipimo chako. Ningekuwa na akili ya kugeuka mara moja tu na kuchungulia kwenye ufa ule ningekuona. Ulikuwa hatua chache nyuma yangu. Najuta hilo kwa namna ambayo haiponi kwa kulia, na nimeshalia.

Sikuuza gitaa. Nilimpigia yule prodyuza mwenyewe, nikamwambia tunakuja na nyimbo tano, ila tutahitaji kwanza kujifunza kukaza nyuzi kama watu wengine. Akasema nichague ni upi utoke wa kwanza. Hapo ndipo nilipokwama, na hapo ndipo bado nipo leo ninapokuandikia.

Nilitaka uchague wewe. Nikamfuata Mama Elibariki mpaka Jorodom, nikamkuta anatwanga karanga, nikamsalimia, nikamuuliza kama kulikuwa na wimbo ambao wewe ulikuwa ukiushikia kibati kwa namna ya pekee. Unatabasamu labda. Unatikisa kichwa. Chochote. Akanionea huruma.

"Mwanangu," akasema, "kwangu mimi zote ni kelele moja. Na yeye alizishikia zote."

Zote, baba. Ule wa tope, ambao watu wanaimba nasi wakilia. Ule wa haraka wa kuhama mji. Lakini hata ule niliotunga kuhusu jino langu bovu, ambao ulikuwa mbaya kweli, Paskali alikuwa akiupiga amefumba macho kwa aibu. Tuliurudia jioni ngapi. Na kila jioni ulisimama pale, bega linawaka, wateja wanaondoka, ukiushikia mashine ule wimbo wa jino kama unavyoushikia mwingine wowote.

Ningetoa chochote iwe kwamba siku moja, katikati ya wimbo mmoja, ulichoka ukaachia mahindi yote yashuke. Ningekasirika, ningetoka stoo nikafoka. Lakini leo ningekuwa najua ni upi hukuupenda, na kwa kuondoa huo ningeanza kukujua.

Mungu akupanulie mahali ulipolala, baba. Nimekushukuru kwa kuchelewa.

Mwanao wa mwisho,
Zaina